Leseni yako isikufie mkononi: mwongozo kwa manesi wa watoto Uganda

Simu ninayopigiwa ni ileile, mwaka baada ya mwaka. "Sista, leseni yangu inaisha wiki ijayo, nifanyeje?" Leo anayepiga ni kijana wa Koboko aliyemaliza diploma juzijuzi. Kesho ni mama mtu mzima wa Nebbi, aliyelea watoto wa watu tangu mimi sijavaa gauni la wanafunzi. Wote wanaipenda kazi yao, na wote wamebanwa na karatasi.

Nimekaa wadi ya watoto hapa Arua miaka 12, na nimehuisha leseni yangu kwa shida na kwa raha. Haya ninayoandika ni yale ninayomjibu kila anayenipigia, ila hapa nimeyapanga ili uyafuate mwenyewe. Yanamfaa nesi wa watoto, lakini hata wewe wa wadi ya wakubwa utapata chako.

Kwanza, usichanganye karatasi

Nusu ya maswali yanatoka hapa. Cheti cha usajili hupewa mara moja, pale Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, ambalo wengi tunaliita UNMC, linapokuingiza kwenye daftari lake. Leseni ya kufanya kazi ni karatasi nyingine. Hiyo ina tarehe ya mwisho, na hiyo ndiyo tunayoihuisha. Baraza hili limewekwa na Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya mwaka 1996, na kuhudumia wagonjwa bila leseni iliyo hai ni kosa la kisheria, hata kama cheti chako cha usajili kimetundikwa ukutani kwenye fremu.

Kama ulianza na uuguzi wa kawaida kisha ukasomea uuguzi wa watoto, sifa hiyo mpya nayo lazima isajiliwe Baraza. Wengi wanamaliza masomo, wanapiga picha za mahafali, wanarudi wadini, na kwenye daftari la Baraza bado wanasomeka vilevile kama zamani.

Kadi ya PALS, yaani mafunzo ya kuokoa maisha ya mtoto ya Chama cha Moyo cha Marekani, hudumu miaka 2. Ni kadi nzuri na ninaiheshimu, lakini haikupi ruhusa ya kufanya kazi Uganda. Uanachama wa UNMU, chama chetu cha wafanyakazi, nao si leseni. Na ile CPN, cheti cha Marekani cha nesi wa watoto, ambayo vijana wananiuliza sana siku hizi inataka kwanza uwe na leseni ya uuguzi ya Marekani au Kanada. Ukiwa Arua na leseni ya Uganda peke yake, usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kukupatia.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Leseni yako ya sasa, hata kama imekwisha muda
- Cheti cha usajili, na namba yako ya usajili iandikwe mahali unapoweza kuiona bila kupekua
- Kitambulisho cha taifa chenye NIN, ile namba yako ya utambulisho
- Vyeti vya masomo, pamoja na vya sifa ulizoongeza
- Daftari la CPD, yaani kumbukumbu ya mafunzo endelevu
- Vyeti vya semina na kozi ulizohudhuria tangu leseni ya mwisho ilipotoka
- Picha ya pasipoti ya karibuni, ya karatasi na ya kwenye simu
- Barua pepe unayoifungua mwenyewe, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako
- Fedha ya ada, iliyotengwa mapema

Hilo la barua pepe usilipuuze. Nimeona manesi waliofunguliwa akaunti na kijana wa duka la fotokopi kwa barua pepe ya kijana mwenyewe. Miaka imepita, kijana amehamia Kampala, na nesi hawezi kuingia kwenye akaunti yake.

Hatua kwa hatua

1. Soma leseni yako, kisha hesabu kwa kurudi nyuma

Itoe sasa hivi uiangalie. Tarehe ya mwisho imeandikwa palepale. Usiulize jirani yako wa wadi yake inaisha lini, maana mlihuisha siku tofauti. Weka kengele mbili kwenye simu: ya kwanza miezi 6 kabla, ya pili miezi 3 kabla. Ya miezi 6 ni ya kukagua kama mafunzo yanatosha. Ya miezi 3 ni ya kuanza maombi. Andika tarehe hiyo pia nyuma ya mlango wa kabati lako la nguo, kwa kuwa simu huibiwa.

2. Tengeneza faili mbili

Moja ya karatasi, moja ya picha. Hapa nina kovu langu mwenyewe. Mwaka wangu wa nne kazini nilikuwa naweka vyeti vyote kwenye kavera jeusi, mfuko wa plastiki, chini ya kitanda. Mvua za mwezi wa tisa zilipokuja, bati likavuja usiku mmoja nikiwa zamu. Nilirudi asubuhi nikakuta kavera limejaa maji, wino wa mihuri umekuwa doa la zambarau, na sahihi hazisomeki. Nilikwenda kwa waandaaji wa semina 2 kuomba nakala. Mmoja alikuwa na orodha ya mahudhurio, akanisaidia. Mwingine mradi wake ulishafungwa na ofisi imekuwa duka la simenti. Saa zile nilizokaa nikijifunza zipo kichwani mwangu hadi leo, lakini kwenye maombi hazikuhesabika.

Kwa hiyo: nunua faili ngumu lenye mifuko ya plastiki, uliweke juu, si chini. Kila cheti kikiingia mkononi kipige picha kabla hujatoka ukumbini, kikiwa kimelala mezani na mwanga wa kutosha, pembe zote 4 zionekane. Jitumie kwa barua pepe. Kwenye kichwa cha ujumbe andika mwaka, mwezi na mada, mfano "2025 Aprili chanjo ya malaria", ili ukitafuta uipate.

3. Chagua mafunzo yanayomgusa mtoto

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, nivumilie nikirefusha.

Nesi akibanwa na pointi, zile zinazohesabiwa kwa mafunzo ili leseni ihuishwe, hukusanya chochote. Semina ya usimamizi wa fedha, mkutano wa kampuni ya maziwa, ilimradi kuna muhuri. Mwisho leseni inahuishwa, lakini mtoto aliyeletwa saa 9 usiku akiwa na degedege hajafaidika na chochote. Mtoto si mtu mzima mdogo. Dozi yake inafuata uzito, pumzi yake inahesabiwa kwa umri, na hali yake hubadilika ukiwa bado unatafuta kanula. Pointi zako nyingi zitoke kwenye mambo haya:

Triaji ya dharura ya mtoto, ile ya WHO tunayoiita ETAT. Inakufundisha kuutazama mstari wa akina mama kwenye benchi na kumtoa yule anayekufa kabla ya yule anayelia. Anayelia ana pumzi. Yule aliyenyamaza mgongoni mwa mamaye, kichwa kimelegea, ndiye wa kukimbilia.

Kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yaani Helping Babies Breathe, mafunzo yaliyoanzishwa mwaka 2010. Jambo lake kubwa ni dakika ya dhahabu: mtoto asiyepumua awe ameanza kupewa pumzi kwa mfuko na barakoa ndani ya sekunde 60 tangu azaliwe. Ujuzi huu huchuja haraka mkono usipoufanyia mazoezi. Kila ninapomwangalia mwanafunzi kwenye mwanasesere naona kosa lilelile: kidole gumba kinakandamiza barakoa hadi inapanda machoni, upande wa shavu inaachia, hewa inatoka pembeni na kifua hakinyanyuki. Anazidi kuubana mfuko kwa nguvu, kumbe tatizo liko chini ya kidole cha pili. Ukimsogeza kidogo, barakoa ikakaa vizuri mdomoni na puani, kifua kinapanda chenyewe. Hilo hulisomi kwenye simu. Omba mwanasesere wa wadi ya uzazi, fanyeni wawili wawili dakika 10 kila wiki, mhesabu pumzi 40 kwa dakika.

Chanjo. Mwezi wa nne mwaka 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto, ya aina ya R21, dozi 4: miezi 6, 7, 8 na 18. Mama atakuuliza kwa nini ile ya mwisho iko mbali hivyo, na kama bado alaze mtoto kwenye chandarua. Ndiyo, alaze. Kama hujapata mafunzo yake, yatafute kabla ya mengine.

Kujikinga na maambukizi. Ebola ya mwaka 2022 iliyoanzia Mubende ilichukua wahudumu wa afya, na ile iliyotangazwa Januari 2025 mgonjwa wake wa kwanza kujulikana alikuwa nesi wa Mulago. Sisi wa West Nile tunapokea wagonjwa kutoka Kongo na Sudan Kusini kila siku, kwa hiyo mafunzo haya kwetu si pambo.

Na ufuatilie tafiti zinazobadilisha kazi, hasa zilizofanyika kwetu. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania. Kwetu ulifanyika Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto wenye homa kali ambao damu yao haikuwa ikizunguka vizuri, waliomiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka, walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa: ndani ya saa 48, kama watoto 10 au 11 katika kila 100, dhidi ya 7. Watoto wa kuhara hawakuwemo kwenye utafiti huo, wao wana utaratibu wao. Lakini fikiria nesi aliyefundishwa zamani kufungua dripu yote kwa kila mtoto mwenye mikono baridi, na hajakaa darasani tena tangu hapo.

Kuhusu gharama: si lazima upande basi kwenda hotelini Kampala. Mafunzo ya kila wiki ya hospitali yako, kozi za bure za WHO za mtandaoni zinazotoa cheti, na mafunzo yanayoletwa wilayani na Wizara ya Afya yanaweza kukujazia sehemu kubwa. Ila kabla ya kuketi uliza maswali 2: mafunzo haya yanatambuliwa na Baraza? Yana pointi ngapi? Jibu lionekane kwenye cheti au kwenye barua, si mdomoni mwa mwandaaji.

4. Andika daftari siku ileile

Usingoje Jumapili. Ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, andika. Maandishi mengi ninayoyaona ni ya namna hii:

"Nilihudhuria semina ya malaria. Ilikuwa nzuri."

Hapo hakuna ushahidi wa kitu. Linganisha na hili, ambalo ni la kwangu:

"14 Mei, saa 8 hadi saa 10 mchana, wadi ya watoto. Mada: artesunate ya sindano, dawa ya malaria kali, kwa mtoto chini ya kilo 20. Mwezeshaji: daktari wa watoto. Nimejifunza: chini ya kilo 20 dozi ni miligramu 3 kwa kila kilo, si 2.4 tuliyozoea. Mtoto wa kilo 8 apate miligramu 24. Kichupa chetu cha miligramu 60, kikichanganywa na bikaboneti mililita 1 kisha salini mililita 5 kwa ajili ya mshipa, kinatoa miligramu 10 kwa kila mililita, kwa hiyo navuta mililita 2.4. Nimebadilisha nini: nimebandika jedwali la uzito na dozi juu ya toroli ya dawa. Mtoto anapimwa uzito kabla dawa haijavutwa, hata kama mama anasema alipimwa jana."

Tarehe, muda, mada, nani alifundisha, ulijifunza nini, ulibadilisha nini. Mistari 6 au 7 inatosha. Anayekagua akiisoma anajua ulikuwepo. Na wewe mwenyewe, ukisimama usiku mbele ya mtoto wa kilo 8 na kalkuleta imekwisha betri, umeshaipiga hesabu hiyo kwa mkono wako.

5. Pata sahihi na muhuri wakati mtu bado yupo

Wasimamizi wa wadi wanahamishwa, madaktari wanakwenda masomoni, miradi inafungwa. Peleka daftari kwa inchaji, yaani msimamizi wa wadi, kila mwisho wa mwezi, si kila mwisho wa leseni. Mwambie kwa adabu, "Mama, naomba unisainie kabla hujawa na shughuli nyingi," na umfungulie ukurasa wenyewe. Usimwachie daftari zima mezani kwake, litapotea katikati ya ripoti.

Usimwombe akusainie mafunzo ambayo hukuhudhuria. Najua yanafanyika. Anayesaini anahatarisha leseni yake pia, si yako peke yako.

6. Linganisha majina herufi kwa herufi

Weka mezani kitambulisho cha taifa, cheti cha usajili na cheti cha shule. Soma kila jina kwa kidole. Akello na Akelo, kwa kompyuta, ni watu 2. Kuna aliyeolewa akaongeza jina la mume kwenye kitambulisho, na kwenye daftari la Baraza bado ana jina la baba. Kuna ambaye majina yake yamepinduliwa, la mwisho limekuwa la kwanza.

Kama tofauti ni ya herufi au ya mpangilio, mara nyingi kiapo cha majina mbele ya kamishna wa viapo kinasaidia. Kama umebadilisha jina kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Kosa likiwa kwenye kitambulisho chenyewe, hilo ni la NIRA, mamlaka ya vitambulisho. Yote haya yanakula wiki, na ndiyo sababu nilisema kengele ya kwanza iwe miezi 6 kabla.

7. Jaza maombi na ulipe

Ingia kwenye mfumo wa Baraza wa mtandaoni kwa akaunti yako mwenyewe. Jaza kutoka kwenye karatasi, usijaze kutoka kichwani. Mahali pa kazi andika jina rasmi la kituo na wilaya. Pakia nyaraka zilizoskaniwa vizuri. Picha ya cheti iliyopigwa usiku chini ya taa ya sola, yenye kivuli cha kichwa chako katikati, itarudishwa.

Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, ile PRN. Unaipata kwanza, kisha unalipa benki au kwa pesa ya simu. Angalia mambo 3 kabla ya kubonyeza: jina ni lako, kiasi ni kile kilichotangazwa na Baraza, na anayelipwa ni serikali. PRN ina muda wake wa kuishi, kwa hiyo itoe siku ambayo fedha iko mkononi. Risiti ipige picha papohapo.

Na yule mtu wa kati, yule Waganda wanamwita kayungirizi, anayesimama nje na kukuambia "nipe laki moja nikufanyie leo": mpite. Ada halali haipokelewi kwenye namba ya simu ya mtu. Leseni ya bandia haionekani kwenye daftari la Baraza, na mwajiri akiitafuta asiione, anayeulizwa ni wewe.

8. Fuatilia mpaka uishike

Kutuma maombi si kupata leseni. Ingia kwenye akaunti kila wiki uone kama kuna kilichorudishwa, kwa kuwa ujumbe wa kukutaka urekebishe kitu unaweza kukaa huko mwezi mzima bila simu yako kulia. Leseni ikitoka, soma jina, namba, sifa na tarehe kabla hujafurahi. Kosa likigunduliwa siku ileile ni rahisi kurekebisha. Kisha chapisha nakala: moja kwa inchaji, moja kwa ofisi ya wafanyakazi, moja kwenye faili lako la juu. Anza ukurasa mpya wa daftari siku hiyohiyo.

Makosa ninayoyaona tena na tena

Kubwa kuliko yote ni kudhani mwajiri atakukumbusha. Hospitali zina watu wao wa kufuatilia, lakini leseni ina jina lako. Likitokea jambo wadini na leseni imekwisha, utasimama peke yako hata kama siku hiyo ulifanya kila kitu sawasawa.

Lingine ni kukusanya mafunzo yote mwezi wa mwisho. Kozi 9 za simu ndani ya siku 4 zinaonekana vile zilivyo. Na wengine wanahudhuria vizuri kabisa, ila wanaondoka kabla orodha ya mahudhurio haijawafikia kwa sababu gari la Adjumani linaondoka saa 10. Saini orodha kwanza. Orodha hiyo ndiyo iliyoniokoa mimi baada ya mvua.

Mambo yakikwama

*Leseni imeshakwisha.* Usijifiche. Mwambie inchaji leo, omba uondolewe kwenye zamu za kuhudumia wagonjwa, na uanze maombi leo hiihii. Jiandae kueleza kwa maandishi kwa nini ulichelewa, na kulipa nyongeza ukiambiwa. Ninajua inauma, kwa kuwa wadi ina manesi 2 na watoto 40. Lakini sindano unayochoma bila leseni inakuweka hatarini wewe na mtoto.

*Pointi hazitoshi.* Rudi kwenye kumbukumbu za hospitali yako. Mara nyingi ulihudhuria mafunzo ya wadi ukasahau kuyaandika, na jina lako liko kwenye orodha ya yule anayeyaratibu. Omba barua ya kuthibitisha. Zilizobaki zipate kwa kozi zinazotambuliwa, si kwa kuchonga muhuri.

*Cheti kimepotea.* Ripoti polisi upate barua, kisha mwombe mwandaaji nakala. Kama ni cheti cha usajili chenyewe, ni Baraza linalotoa nakala nyingine, nayo ina utaratibu na ada yake.

*Umelipa na mfumo hauonyeshi.* Subiri siku chache za kazi, kisha wasiliana na Baraza ukiwa na PRN na risiti mkononi. Usilipe mara ya pili kwa hofu. Kuirudisha fedha ya serikali ni kazi kuliko kuilipa.

*Uliacha kazi miaka kadhaa, kwa uzazi au kwa kuuguza mzazi.* Liandikie Baraza barua uwaeleze ulikuwa wapi, na uulize wanataka nini kabla hujarudi. Wakati unasubiri, omba ukae wadini kama mtazamaji, bila kugusa dawa. Dozi zimebadilika, mashine za oksijeni zimebadilika, na mikono yako inahitaji muda.

*Ulisomea Kongo.* Wenzetu wengi wako kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali na Nakivale, na hapa kwetu, na kazi wanaijua. Lakini diploma ya Bunia au Bukavu haikuruhusu kufanya kazi ya nesi Uganda mpaka Baraza likusajili. Karatasi za Kifaransa zitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayekubalika kisheria, shule yako iwe tayari kuthibitisha kwamba ulisoma hapo, na uanze mapema kwa sababu barua za kuvuka mpaka zinachukua muda.

*Unahamia nchi nyingine.* Baraza la huko litataka uthibitisho kutoka UNMC kwamba umesajiliwa na huna kesi ya nidhamu. Uthibitisho huo uombe wakati leseni yako ingali hai. Kuna binti wa wadi yetu aliyepata nafasi Kenya akagundua leseni yake ilikufa miezi 2 nyuma, ikabidi aihuishe kwanza ndipo aombe uthibitisho. Nafasi ilimsubiri, bahati yake.